MGENI ASIYEONEKANA



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo lililotokea katika mtaa mmoja wa kwetu. Ninyi mnaokaa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi mnajua namna usiku wa mwezi wa sita na wa saba ulivyo. Baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa. Usiku mmoja wa namna hiyo, jamaa moja walipika inje, wakala, halafu makala yalipokuwa mekundu kabisa bila moshi hata kidogo, wakaingiza mbabula katika chumba cha kulala. Wakafunga dirisha. Nkambo wao, mwenye kuumia viungo, alilala karibu na moto. Mama na mabinti wawili walilala kitandani. Kijana wa miaka tisa hakupata nafasi. Alitandika mkeka mlangoni, kichwa karibu na ile nafasi ya chini ya mlango ambapo upepo hupita.

Asubuhi nkambo hakuamka. Mama na mabinti waliamka na kichwa cha kupasuka, wakatapika, miguu ikakataa kuwabeba. Kijana alikuwa mzima.

Walipelekwa upesi kwenye kituo cha afya. Munganga wa zamu aliwafunga kale kamashini ka ku kidole, kakaonyesha 98. Akasema oksijeni yao ni nzuri, labda ni malaria, labda ni chakula. Akawapa vidonge, wakarudi nyumbani kwenye kilio. Na pale kiwanjani maneno yakaanza. Mmoja alisema polepole, wa pili akasema kwa sauti:

- Namna gani bote bagonjwe, ye peke yake hapana? Huyu mutoto njo alikula nkambo.

Nilipofika saa sita, mtoto yule alikuwa ameketi peke yake kando ya ukuta. Hakuna aliyempa hata maji.

Ndipo akaingia mzee mmoja wa kanisa letu, aliyefanya kazi ndani ya shimo miaka mingi mpaka akapata pensheni. Hakuuliza habari za ulozi. Alimwuliza mama neno moja tu:

- Mama, mulilala na mbabula mu nyumba?

- Ndiyo, papa. Baridi ilikuwa mingi. Lakini haikukuwa na moshi hata kidogo.

- Ile njo yenyewe. Ile hapana bulozi, mama. Ile ni gazi. Shiye mu shimo tulikuwa tunaiogopa kuliko jiwe.

Tukatafuta motokari, tukawapeleka kwenye hospitali kubwa. Tulimwambia munganga habari ya mbabula, naye akawawekea oksijeni ya maski papo hapo. Jioni vichwa vyao vikaanza kupata nafuu. Naye yule mzee, kabla ya kuondoka, alimwita mtoto, akamkalisha karibu naye, akamega bukari na kumpa mbele ya watu wote.

Baada ya maziko, kijana mmoja wa kwaya, mwenye kusoma shimi katika darasa la sita, alinifuata:

- Baba Pasta, ile gazi haina rangi, haina harufu. Na mwalimu anasema molekuli moja iko kadogo sana. Basi wale benye elimu banajuaka namna gani vile inashika ku damu ao ku chuma, na hakuna mutu mwenye aliiona?

Ni swali zuri. Mimi nilisoma shule ya Biblia, si shimi. Basi nilikwenda kwa mwalimu wake, tukakaa jioni mbili pamoja na vitabu vyake. Haya ndiyo niliyoyapata.

GAZI HII NI NINI?

Makala ni kaboni. Yakipata hewa ya kutosha, kila atomi ya kaboni hushika atomi mbili za oksijeni, nayo hiyo ni gazi ile tunayoitoa tukipumua. Lakini ndani ya rundo la makala mekundu hewa haitoshi. Hapo kaboni moja hupata oksijeni moja tu. Gazi hiyo inaitwa monoksidi ya kaboni, na shuleni vijana huiandika CO. Mmeona ile miali midogo ya buluu inayocheza juu ya mbabula? Ni CO inayowaka. Isiyowaka inaingia chumbani. Kwa hiyo yule anayengoja moshi uishe ndipo aingize mbabula, anaondoa kitu cha kumwonya na kukaribisha kitu cha kumwua.

Inaua namna gani? Katika damu yetu mna kitu chekundu kinachoitwa hemoglobini, nacho kina atomi za chuma. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni mpaka mwilini mote. Fikiri zile baisikeli zinazoleta magunia ya makala mjini. Kila baisikeli ina pahali pa mzigo. CO ikiingia, inakalia pahali pale pale pa oksijeni, na inapashika kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Baisikeli zinaendelea kutembea barabarani, lakini hazileti kitu. Mtu analala, damu inazunguka, na ubongo unakosa hewa.

Tena haiondoki upesi. Mtu akitolewa katika hewa safi, inapita saa 4 au 5 hivi ndipo nusu ya CO itoke katika damu. Akipewa oksijeni safi kwa maski, ni kama saa moja au moja na nusu. Ndiyo sababu maski ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko vidonge vyote.

BOKSI YA WACHIMBAJI

Yule mzee alinisimulia habari ya boksi waliyofunga mukabani wakishuka chini. Moto ukiwaka shimoni, au hewa ikichafuka baada ya mlipuko, unaifungua, unaweka mdomo wake katika kinywa, unafunga pua, unatembea kwenda inje.

- Banatuambia: kama inapata moto mu kinywa, usiitoshe. Ule moto ni alama kama inatumika. Benye baliitosha juu inaunguza, balibakia kule.

Ndani ya boksi za namna hiyo mna unga mweusi unaoitwa hopkaliti. Ulitengenezwa wakati wa vita ya kwanza ya dunia huko Marekani, na jina lake limetoka katika majina ya vyuo vikuu viwili, Johns Hopkins na California. Unga huo ni oksidi ya manganezi na oksidi ya shaba. Ndiyo, shaba, ndugu yake hii tunayochimba huku kwetu.

Kazi yake ni hii. CO ikipita, inakaa juu ya uso wa unga. Hapo inapokea atomi moja ya oksijeni kutoka katika unga wenyewe, inageuka kuwa gazi ile ya kawaida ya kupumua, halafu inaondoka. Oksijeni ya hewa inakuja kujaza pengo, na kiti kinabaki wazi kwa CO nyingine. Kazi hiyo inatoa moto, na ndio ule moto wa kinywani.

Kitu kama hicho, kinachosaidia vitu viwili kugeuka na chenyewe hakiishi, tunakiita kichocheo. Shuleni wanasema katalizeri. Ni kama yule mtu wa katikati ambaye jamaa mbili humtuma kwenda kuzungumza mambo ya mahari. Anawakutanisha, mapatano yanafanyika, anarudi kwake, na kesho ataitwa na jamaa zingine.

Lakini unga huo una adui, ndiye maji. Mvuke wa maji unakalia viti vile, CO inakosa pahali. Kwa hiyo ndani ya boksi huwekwa dawa ya kukausha hewa kwanza. Tena mjue, boksi ya namna hii haileti oksijeni. Pahali ambapo oksijeni yenyewe imekwisha haiwezi kusaidia. Ndiyo sababu siku hizi mashimo mengi yanatumia boksi zenye kubeba oksijeni yake.

WANAIONA NAMNA GANI?

Sasa tunafika kwenye swali la kijana wetu. Nani aliona CO ikikaa juu ya kiti? Hakuna aliyeiona kwa macho. Waliuliza mwangaza.

Watoto wa kwetu wanajua kwamba waya ya shaba ikiingia motoni, moto unageuka kuwa wa kijani. (Msiwaache kuchoma kable, moshi wa plastiki ile ni sumu pia.) Ile rangi ya kijani ni sahihi ya shaba. Kila kitu kina rangi zake za mwangaza kinazozitoa au kinazozinywa, kama vile kila mtu ana alama yake ya kidole. Elimu ya kusoma vitu kwa rangi zao inaitwa spektroskopia.

Lakini kuna rangi ambazo jicho haliwezi kuziona. Mwaka wa 1800, William Herschel, mwenye kuchunguza nyota huko Uingereza, aligawanya mwangaza wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimo cha joto katika kila rangi. Alipokiweka ng'ambo ya nyekundu, mahali palipoonekana hapana kitu, joto likapanda zaidi. Mwangaza huo unaitwa infraruji. Ninyi mnaujua tayari: ukinyosha mikono mbele ya mbabula, lile joto linalokufikia bila kugusa makala ni hasa mwangaza huo.

Sasa tufikiri molekuli ya CO. Ni atomi mbili, kaboni na oksijeni, na katikati yao kifungo kama resori, kinachotetemeka bila kuchoka. Wapiga gitaa wa kwaya wanajua kwamba ukipiga uzi mmoja, uzi mwingine uliopangwa sauti ile ile hutetemeka wenyewe. Basi, mwangaza wa infraruji ukipita mbele ya CO, rangi ile yenye mapigo sawasawa na yake humezwa, na zingine zinapita. Upande wa pili mashine inahesabu zilizofika. Ile iliyokosekana ndiyo inayotoa ushuhuda.

Wenye elimu wanapima rangi hiyo kwa kuhesabu mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Kwa CO inayoruka hewani, ni mawimbi 2143. Hesabu hiyo ni kama sauti ya uzi wake.

Mwaka wa 1954, watafiti watatu wa kampuni ya petroli ya Texaco huko Marekani, Robert Eischens na wenzake Pliskin na Francis, walitangaza kwamba wamesikia sauti ya CO iliyokaa juu ya chuma. Kabla yao, Aleksandr Terenin wa Leningrad alikuwa amefungua njia kwa molekuli zilizokaa juu ya kioo chenye matundu madogo. Kazi haikuwa rahisi. Pande la chuma lina atomi nyingi ndani na chache usoni, tena mwangaza haupiti. Basi walitawanya chembe ndogo sana za chuma juu ya unga mweupe wa silika. Gramu moja ya unga wa namna hiyo, ukikunjua nyuso zote za chembe zake, ina uso wa karibu meta 200 za mraba, kupita nyumba nyingi za mitaa yetu. Viti ni vingi, na mwangaza unaweza kupita.

Wakaona nini? CO ikikaa juu ya platini, sauti yake haikai tena 2143. Inashuka mpaka karibu 2070, na nyingine karibu 1850. Kila mpiga gitaa anajua maana: uzi ukishuka sauti, umelegea. Molekuli imesimama juu ya chuma kwa mguu wa kaboni, oksijeni ikiwa juu, na chuma kinaipa elektroni zake kidogo. Elektroni hizo zinalegeza kifungo kilicho katikati ya kaboni na oksijeni. Ile ya 2070 imekaa juu ya atomi moja ya platini. Ile ya 1850 imeweka mguu katikati ya atomi mbili, na kifungo chake kimelegea zaidi. Juu ya shaba sauti ni karibu 2100.

Nikamwuliza mwalimu: na katika damu? Akafungua kitabu. CO iliyokaa juu ya chuma cha hemoglobini inasikika karibu 1950. Ni mgeni yule yule, amesimama kwa mguu ule ule wa kaboni. Juu ya unga wa boksi anakaa kidogo, anageuzwa, anaondoka. Juu ya damu anakaa tu na kumfungia njia mwingine.

KUSHIKA NA KUACHILIA

Mfaransa Paul Sabatier, wa mji wa Toulouse, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka wa 1912, alifundisha kwamba kichocheo kizuri kinashika kwa kiasi. Kikishika kidogo mno, molekuli inapita bila kugeuka. Kikishika mno, kiti hakifunguki tena na kazi inasimama. Kwa kusikiliza sauti za molekuli, wenye elimu wanaweza kujua ni nani amekaa, amekaa wapi, na nani amemfungia mwenzake njia.

Gerhard Ertl wa Ujerumani alitumikia jambo hili miaka mingi. Alitumia vyombo vingi, hata mishale ya elektroni, ndani ya vyumba vya chuma vilivyotolewa hewa karibu yote, kwa sababu katika hewa yetu uso safi wa chuma unafunikwa na molekuli mara moja. Alionyesha namna CO na oksijeni zinavyokutana juu ya platini, kazi ile ile inayofanyika katika poti katalitiki ya motokari ili moshi wake usiue watu. Alionyesha pia namna azoti ya hewa inavyovunjika juu ya chuma ili kutengeneza amonia, mama wa mbolea ya urea tunayotia katika mahindi. Tarehe 10 mwezi wa 10, mwaka wa 2007, siku aliyotimiza miaka 71, alipata habari kwamba zawadi ya Nobel ya shimi ni yake.

Na kobalti yetu? Katika miaka ya 1920 Franz Fischer na Hans Tropsch, huko Mülheim katika Ujerumani, walipata njia ya kugeuza CO na idrojeni kuwa mafuta ya motokari. Kobalti ni kichocheo kikubwa cha kazi hiyo. CO inakaa juu yake, kifungo kinakatika, kaboni zinashikana mikono zikawa mnyororo, na mnyororo huo ni mazuti. Kiwanda cha Bintulu, katika Malaysia, kilianza kazi hiyo kwa kobalti mwaka wa 1993. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Vijana, magunia yanapita mbele ya mlango wetu kila siku. Ingefaa wengine wenu wajue si bei yake tu, bali na kazi yake.

KALE KAMASHINI KA KU KIDOLE

Nimeacha neno moja mpaka mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Kwa nini kamashini kale kalionyesha 98, na mama alikuwa karibu kufa?

Kamashini hako nako ni spektroskopia. Kanapitisha mianga miwili katika kidole, mmoja mwekundu na mmoja wa infraruji, halafu kanapima ni kiasi gani damu imeimeza. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hazimezi sawasawa, na kwa hiyo kanapata hesabu. Ni chombo kizuri, kimeokoa wengi. Lakini katika mwangaza mwekundu, damu iliyobeba CO inafanana sana na damu iliyobeba oksijeni. Kenye kuwa na mianga miwili tu hakawezi kutenganisha. Kanaona baisikeli zimejaa, kanasema 98. Hakajui mzigo ni wa nani.

Kuna mashine nyingine za hospitali zinazotumia mianga mingi zaidi, nazo zinaweza kutenganisha CO na oksijeni. Lakini zahanati nyingi hazina. Kwa hiyo simlaumu yule munganga wa asubuhi. Hakuna aliyemwambia habari ya mbabula, na yeye hakuuliza. Neno moja la mama lingetimiza kile kilichokosekana katika mashine.

Nafikiri pia juu ya kiwanja kile cha kilio. Watu waliona mambo mawili tu: wengine wamegonjwa, mmoja ni mzima. Wakahukumu kwa hayo mawili. Hawakuuliza alilala wapi, dirisha lilikuwa namna gani, moto ulikuwa wapi. Kama mzee hangefika, mtoto yule angelala wapi usiku ule? Sisi wote tunajua watoto wa barabarani wanatoka wapi. Wengi walitoka katika viwanja kama kile.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usilale na mbabula ndani ya nyumba, hata kama makala ni mekundu bila moshi. Mkiota moto, ote inje, au mlango na dirisha viwe wazi, na mbabula itoke kabla ya kulala.

2. Beseni la maji karibu na mbabula halizuii gazi hii, kwa maana haiyeyuki vizuri katika maji. Maziwa nayo hayaitoi katika damu.

3. Grupu ya umeme isifanye kazi ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha. Na ninyi wachimbaji wa mikono, msishushe motopompa ndani ya shimo. Mwenzako akianguka kule chini, usiruke kumfuata bila hewa, mtakuwa wawili.

4. Watu wengi wa nyumba moja wakiamka pamoja na kichwa, kizunguzungu na kutapika, fungua milango, watoe inje upesi, wapeleke hospitalini. Mama mwenye mimba aende hata akijisikia vizuri, kwa sababu mtoto wa tumboni anaumia zaidi.

5. Ukifika, sema wewe mwenyewe bila kuulizwa: "Tulilala na mbabula." Hata kamashini kakionyesha 98 au 100, omba oksijeni.

6. Mmoja akibaki mzima, angalia alilala wapi kabla ya kufungua kinywa juu yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

- Katika nyumba yetu, hewa inaingia wapi usiku?
- Nani katika mtaa wetu analala na moto kwa sababu hana blanketi? Tunaweza kumsaidia namna gani?
- Je, umewahi kusikia mtoto akishitakiwa kwa sababu ya ugonjwa? Ni nini ambacho hakikuulizwa siku ile?

Mama yule na mabinti zake ni wazima leo. Kijana amerudi shuleni. Jumapili iliyopita alikuja kunisalimu pamoja na yule mzee; siku hizi hawaachani. Mzee alikuwa amemwonyesha ile boksi yake ya zamani, tupu, yenye kutu.

- Baba Pasta, kijana akaniambia, nami nitasomaka shimi. Nataka kujua unga wa ndani.

Nikamwambia aanze na hesabu. Kaeni salama, na tukutane tena mwezi ujao.